Mende Anakimbia kwa Akili Zangu

Hapa Mwisenge, Musoma, nikiwasha taa ya jikoni mende keshazama nyuma ya gunia la dagaa, mimi bado najiuliza kandambili iko wapi. Nilidhani ni uzee. Kumbe nimepunjwa tangu kuumbwa.

Binti yangu anasoma baiolojia, basi akanifungua macho, na bora angenyamaza. Binadamu, neva ikitaka msuli ujikunje, humwaga asetilikolini. Mende, nzi na panzi hawana haja nayo miguuni; wao hutumia glutameti. Ikimwagika, vipokezi vya msulini vinaidaka na kufungua vijitundu, sodiamu inaingia, mguu unachomoka. Neva nyingine humwaga GABA papo hapo msulini. Vipokezi vyake hupitisha kloridi, mguu unatulia. Yaani jamaa ana mafuta na breki mguuni! Wa kwangu unangoja kibali kutoka uti wa mgongo, kama faili la halmashauri.

Linaloniuma zaidi: glutameti hiyohiyo sisi tunaitumia ubongoni, kuwaza na kukumbuka. Ninachofikiria mimi, mwenzangu anakikimbilia. Tena ndiyo ile Mjapani Kikunae Ikeda aliyoitoa kwenye mwani mwaka 1908, leo tunaikoroga kwenye mchuzi ili unoge.

Nikaenda Bunda. Watu waliozoea kupigana na funza wa vitumba vya pamba, nikasema, watashindwaje na mende? Muuza duka akanipa dawa ya jamii ya pairethroidi. Hiyo vipokezi haiviulizi. Inazuia milango ya sodiamu kwenye neva isifungwe, neva inapayuka mfululizo, glutameti inamwagika ovyo, mende analala chali akirusha mateke. Wangu alirusha mateke, akapumzika, akainuka, akaenda zake. Usugu huo. Mbu wa Kanda ya Ziwa nao walishaizoea jamii hiyo, hata wapuliza dawa majumbani wakabadilishiwa.

Nikampigia baba mdogo Butiama, mfugaji. Akacheka.

"Mwanangu, si uje uchukue ivermektini? Chawa na minyoo wa ng'ombe wangu hawafurukuti."

Binti akaunga mkono: dawa hiyo hufungua milango ya kloridi inayotii glutameti, msuli unalegea moja kwa moja, na binadamu milango hiyo hatuna. Nikafurahi kweli.

"Inatumikaje, baba?"

"Sindano, chini ya ngozi. Tafuta tu mtu wa kukushikia."