Mgonjwa ni Maji

Kolo ya Kondoa, ambako michoro ya miambani, Urithi wa Dunia tangu 2006, hutunzwa kwa kutoshikwashikwa, ingetosha kumfunza subira mwenye tangi jipya la samaki sebuleni. Akiwaona samaki wanatweta juu ya maji, hukimbilia dawa, ilhali mgonjwa ni maji yenyewe: amonia, yaani sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, hujilimbikiza kwa kuwa bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati yenye makali machache, huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kustawi. Badala ya kupunguza chakula na kubadilisha sehemu ya maji, bwana huyo husugua chujio hadi bakteria waishe, kisha hununua samaki wengine wawajulie hali wagonjwa, nao wageni hawaji mikono mitupu: huja na vinyesi vyao.