Dubai Si Hapo Mlangoni

Muscat

Bi Mkubwa, shangazi na nyote wa barazani,

Salamu zenu zimefika, na orodha ya vitu vya kununuliwa Dubai nayo imefika, ndefu kuliko salamu. Hoja yenu naijua: Muscat na Dubai ni saa moja tu kwa ndege, basi mtu anywe chai kwake, akachukue blenda, arudi kula mchana. Kwenye ramani mna haki. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita kama 350, na tiketi huandika saa moja na dakika kumi hivi. Lakini gaweni wenyewe: hizo ni kilomita 300 kwa saa, na ndege ya jeti ikishatulia angani hukimbia 800. Kwa mwendo huo safari ingekwisha hata nusu saa haijatimia. Dakika nyingine zimeliwa chini. Saa ya tiketi haingoji ndege iruke; huanza pale vigingi vinapoondolewa kwenye tairi ndege ipate kutoka, na haiishi mpaka iegeshwe upande wa pili. Hapo kati kuna kujikokota, kungoja zamu ya kuruka, kisha kungoja nafasi ya kutua Dubai, uwanja ulio miongoni mwa yenye abiria wengi wa kimataifa duniani. Huko juu kwenyewe ni kufupi hivyo kwamba juisi hunywewa kama dawa, kwa mkupuo.

Na bado hatujahesabu miguu. Uwanja wa Muscat uko Seeb, kilomita 30 hivi kutoka Mutrah mjini, na abiria hutakiwa afike saa mbili au tatu kabla. Ongezeni foleni ya pasipoti, mizigo inayozunguka bila ya kwenu, na teksi ya mjini: jumla ni karibu saa tano. Barabara, kupitia Sohar na mpaka wa Hatta, ni kilomita kama 450, nayo ni saa tano vilevile. Jeti na Corolla kuukuu zinafika pamoja! Wala saa ya ukutani haisaidii. Anayeruka kutoka Paris kwenda London hurudishiwa saa nzima akashuka karibu wakati uleule aliopanda. Huku miji yote miwili imewatangulia nyinyi wa Unguja kwa saa moja ileile, hakuna dakika ya kuiba.

Mtaniuliza, mbona Unguja na Dar ni dakika ishirini na watu wanaona faida? Kweli, ila pale katikati ni bahari, na Corolla haielei. Atatokea mwengine aseme mpaka wa barabara una foleni. Unayo, na sikukuu ya Idi ndiyo usiseme. Tena bima ya gari lazima ifike Imarati. Hapo nakubali: mwenye mkoba mmoja wa mkononi na shughuli ya haraka, na aruke. Lakini mkoba huo hauingii blenda, sembuse seti ya vikombe. Mwenye nafasi ya blenda ni mwenye gari, naye ni saa tano kwenda, tano kurudi, na chakula chenu cha mchana kitaliwa usiku.

Blenda zimejaa Ruwi, hapa hapa mjini. Semeni rangi.