YAH: Maombi ya cheti cha heshima kwa mfukua makaburi wenu

Kwa Waheshimiwa Wasimamizi,
Jengo Kongwe la Chuo cha Udaktari,
Mtaa wa Telfair, Augusta, Georgia, Marekani.

Husikeni na mada tajwa hapo juu.

Kwanza pongezi. Jengo lenu la 1835 bado linapendeza, na zile nguzo sita nene za Kigiriki hazijatikisika. Nasikia wenye shughuli zao hulikodi kwa harusi. Swali dogo tu: chumba cha chini kimo kwenye bei ya ukumbi, au kinalipiwa pembeni?

Nauliza kwa sababu mwaka 1989 mafundi wa ukarabati walikuta humo karibu mifupa 10,000 ya binadamu. Wataalamu walipoichambua, iliyo mingi ilikuwa ya Weusi, ingawa Weusi hawakufika nusu ya wakazi. Maradhi hayabagui, ila darasa la anatomia lilikuwa na chaguo lake.

Aliyelihudumia darasa hilo ni Grandison Harris. Mwaka 1852 walimu walimnunua mnadani Charleston kwa dola 700, wakammiliki kwa ubia kama mashine ya kusaga. Kufukua maiti kulikuwa kosa la jinai, lakini mali ya maprofesa nani aishtaki? Wakamfundisha kusoma, jambo ambalo sheria ya Georgia ilikataza kwa mtumwa, ili afuatilie matangazo ya vifo.

Usiku alikwenda Cedar Grove, makaburi ya Weusi wenzake. Kabla ya kushika koleo alikariri maua yalivyopangwa: shada hili kichwani, lile miguuni. Akachimba, akavunja jeneza upande mmoja, akaivuta maiti, akaitia guniani na kuipakia kwenye mkokoteni. Udongo ukarudi, na kila ua mahali pake, mfiwa asije akashtuka asubuhi. Nionyesheni profesa mmoja aliyekuwa makini kiasi hicho!

Mifupa ilizikwa upya Cedar Grove mwaka 1998. Vizuri. Sasa kilichobaki ni cheti cha mtumishi wenu, maana nguzo zimekwisha kupata sifa zake za kutosha tangu jengo lilipotangazwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1996.

Tatizo ni kumkabidhi. Harris alifariki 1911, akazikwa Cedar Grove hiyohiyo, na mafuriko ya mto Savannah ya 1929 yakafuta kumbukumbu za nani kalala wapi. Itabidi mchimbe hapa na pale mpaka mumpate. Sidhani kama kazi hiyo itawashinda.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msomaji

Nakala: Maharusi wote waliokwishalipa kianzio cha ukumbi.