Namna ya Kufungua Goti Bila Ubabe

Mwongozo huu ni wa madaktari wa mifupa wenye nguvu nyingi na subira haba, na wa wenye magoti watakaolala mbele yao. Kazi yenyewe ni meniskasi ya ndani iliyochanika, yaani kile kipande chenye umbo la hilali kinachokaa kati ya mfupa wa paja na muundi na kubeba uzito kila unapopiga hatua. Siku hizi haifunguliwi kwa kupasua goti zima. Yanatobolewa matundu mawili matatu ya ngozi, kamera inaingia kwa moja, vifaa kwa lingine.

Kabla ya kutoboa chochote, hakikisha operesheni inahitajika. Mtu wa miaka hamsini na kitu akiletwa na picha ya MRI yenye mchaniko, usikimbilie vifaa. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya wagonjwa 146 waliokuwa na meniskasi iliyochakaa. Baadhi walikatwa kipande kilichochanika, wengine wakafanyiwa operesheni ya kuigiza: matundu yalitobolewa lakini meniskasi haikuguswa. Baada ya mwaka, hali zao zilikuwa sawa. Kijana aliyepinda goti uwanjani na sasa halinyooki, kwa sababu kipande kimekwama katikati ya mifupa, habari yake ni nyingine. Huyo mlaze.

Ameshalala, na maji ya chumvi yanatiririka ndani ya goti. Kamera ina unene wa milimita 4 na lenzi yake inatazama pembeni kwa digrii 30. Paja limeegemezwa kwenye nguzo iliyofungwa ubavuni mwa kitanda, goti limekunjwa kidogo, na msaidizi anausukuma mguu wa chini kuelekea nje ili upande wa ndani uachame. Kwa wengi unaachama. Kwa wengine unagoma: kano ya upande wa ndani imekaza, nafasi iliyopo ni milimita chache tu, na mchaniko uko nyuma kabisa, kwenye pembe ya meniskasi ambayo huwezi kuiona sawasawa, seuze kuifikia.

Hapo ndipo mababe wa chumba cha upasuaji hujulikana. "Sukuma! Sukuma zaidi!" Msaidizi anasukuma mpaka miwani inaingia ukungu. Daktari naye analazimisha chuma kupita pasipopitika, mfano wa mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati kwa nondo na kuichimba sakafu nzima, wakati angeweza kuliinua kabati kidogo tu. Sakafu ya goti ni gegedu, ule utando mweupe unaong'aa kwenye ncha za mifupa. Hauna mishipa ya damu. Ukikwaruzwa, hauoti tena ukawa kama ulivyokuwa. Mgonjwa aliingia na tatizo moja, anatoka na mawili, na hilo la pili haliandikwi popote. Tena ukizidisha kusukuma, kano inaweza kukatika yenyewe, mahali ambapo hukupachagua na kwa kiasi ambacho hukukitaka. Mwenye hamu ya kupima nguvu zake amtafute mtu aliye macho.

Dawa ya goti lililobana ni sindano. Geji 18, unene wa milimita 1.2 hivi, inatosha. Punguza taa za chumba. Mwanga wa kamera iliyo ndani unapenya kwenye ngozi na unaweza kukuonyesha mshipa mkubwa wa damu unaopita upande huo. Uepuke, pamoja na neva iliyo jirani yake, maana ukiijeruhi mgonjwa ataamka na ganzi upande wa ndani wa mguu. Papasa kano kwa kidole. Ielekee sehemu yake ya nyuma, toboa, halafu sogea kidogo utoboe tena, huku msaidizi akisukuma taratibu bila kuachia. Usifyeke. Unalegeza nyuzi chache, hukati kamba. Mara unahisi kitu kimeachia chini ya mkono, pengine hata kinasikika, na kwenye skrini mifupa inaachana milimita kadhaa. Simama hapo hapo. Pembe ya nyuma iko wazi mbele yako: inashoneka, ishone, haishoneki, ondoa kilichochanika tu na usiguse kingine.

Hilo la kuondoa kidogo nalisisitiza. Katika karne ya 19 daktari Mwingereza Bland-Sutton aliihesabu meniskasi kuwa mabaki ya msuli yasiyo na kazi, na kwa miongo mingi watu wakawa wanaondolewa yote. Mwaka 1948 Fairbank, naye Mwingereza, akaonyesha kwa eksirei yaliyoyapata magoti hayo: nafasi kati ya mifupa ikipungua, mifupa ikiota kingo. Mwaka 1962 mjini Tokyo, Masaki Watanabe akaondoa sehemu tu ya meniskasi akiwa anatazama kwa darubini nyembamba iliyoingizwa ndani ya goti. Njia ya upole tumekuwa nayo tangu wakati huo.

Mtu atauliza: kutoboa kano ambayo haina ugonjwa si kumuumiza mgonjwa makusudi? Ni kumuumiza makusudi, naam, lakini kidogo, na mahali panapopona. Kano ya ndani imezungukwa na nyama yenye damu, na hujiunga bila kushonwa. Wagonjwa waliofuatiliwa baada ya kutobolewa hivi, kwa kawaida magoti yao yalirudi kukaza ndani ya miezi michache. Gegedu halina bahati hiyo. Kati ya jeraha linalopona na lisilopona, daktari mwenye akili hahitaji kura.

Kisha kuna kazi wanayoisahau hata waliofanya vizuri: kusema. Mgonjwa anaamka, anapapasa goti, anauliza: "Daktari, mbona huku pembeni panauma kuliko penye matundu?" Kumjibu "ni kawaida, mama" ni kumkosea heshima. Mwambie: "Mama, goti lako lilibana. Nimeilegeza kano ya upande huu kwa sindano ili nisikukwaruze ndani. Patauma kwa muda, kisha patapona. Usilipinde goti ghafla." Na iandikwe kwenye faili, ili mtu wa fiziotherapia asije akauvuta mguu upande huohuo. Afadhali zaidi, yote haya yasemwe kabla ya karatasi ya ridhaa kusainiwa.

Nawe mwenye goti, usisaini ukiwa kimya. Uliza: "Goti langu likibana, utafanyaje?" Akikueleza habari ya sindano, ya kano na ya muda wa kupona, mpe goti. Akikwambia ana msaidizi mwenye nguvu, chukua picha zako za MRI, vaa viatu, ukamtafute mwingine.