Maoni ya Kweli Hutolewa Kwenye Maegesho

Maoni ya kweli ni yale ambayo mtu huyatoa kikao kikishafungwa, akitafuta funguo za gari. Hutolewa kwa sauti ya chini, na aghalabu huambiwa mtu asiye na uwezo wa kubadilisha lolote.

Mahali pazuri pa kuyachunguza ni kikao cha harusi jijini Dar es Salaam. Mwenyekiti hufungua kwa sala, katibu husoma muhtasari wa kikao kilichopita, mweka hazina hutaja waliolipa na, kwa lugha ya upole, walioahidi tu. Kisha huja bajeti. Kamati ndogo ya mapambo inataka maua yaning'inie dari nzima, ilhali fedha iliyopo haitoshi hata vinywaji. Kila mjumbe anaona hesabu hazikai sawa. Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye maoni. Mmoja anaukagua mshikaki wake upande na upande, mwingine anasoma kwa makini simu isiyo na ujumbe wowote. Hatimaye baba mkubwa anasimama: "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi sina la kuongeza." Asiye na la kuongeza huzungumza dakika kumi, na akikaa, maua yamepita kwa kauli moja.

Nusu saa baadaye, kwenye maegesho, kikao cha pili huanza bila ajenda. "Yale maua ni ya nini, jamani?" Wote wanacheka. Hapo hakuna anayeyatetea, na baba mkubwa naye anatikisa kichwa. Siku ya harusi, wageni hukaa chini ya dari ya kifahari wakiulizana soda zimekwenda wapi, kabla keki haijakatwa.

Wamarekani nao wanalijua gonjwa hili. Mwaka 1974 Jerry Harvey, mtaalamu wa menejimenti, alisimulia jinsi watu wanne wa familia moja walivyotoka Coleman, Texas, wakaenda kula Abilene, kilomita 85 hivi, katika joto kali, ndani ya gari lisilo na kiyoyozi. Chakula kilikuwa kibaya. Waliporudi ilibainika kwamba hakuna aliyetaka kwenda, hata baba mkwe aliyetoa wazo. Yeye alidhani wenzake wamechoka kukaa nyumbani.

Woga wa kupingana na wenzako si wa wajinga peke yao. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwapa wanafunzi kazi ya kulinganisha urefu wa mistari, kazi isiyohitaji hata kukodoa macho. Wenzao chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu lisilo sahihi kwa pamoja. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walilifuata kosa hilo angalau mara moja. Lakini mtu mmoja tu mwingine aliposema ukweli, wengi walipata ulimi wao. Kumbe anayehitajika kikaoni si shujaa. Anahitajika wa pili.

Na huyo wa pili yupo siku zote. Hujulikana kwa maneno yake: "Hata mimi nilitaka kuuliza hilo hilo." Amekuwa akilitaka tangu katibu aliposoma muhtasari, ila alikuwa akimsubiri mtu wa kumtangulia. Katika mahakama za kijeshi za Uingereza, mdogo kwa cheo hupiga kura kwanza ili asipate nafasi ya kuwafuata wakubwa. Kamati za harusi hufanya kinyume chake: huanza na mwenye mvi, kisha hushangaa vijana kukosa mawazo.

Kwa kuwa baba mkubwa hapingwi hadharani, ukweli huingia ukumbini ukiwa umevaa swali. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kueleweshwa, maua haya yatalipwa kutoka fungu lipi?" Hakuna aliyetukanwa, ila mweka hazina sasa inambidi afungue daftari. Kusubiri kipengele cha mengineyo ni kosa, maana kufikia hapo watu wameshashika funguo za magari.

Si kila maoni ya kweli yanastahili pumzi. Gauni likishashonwa, anayesema halikumpendeza bibi harusi anatafuta ugomvi tu. Bajeti ni tofauti, lakini nayo ina mwisho wake: malipo ya awali ya mpambaji kwa kawaida hayarudishwi. Swali la fungu liulizwe kabla hayajatumwa.