Jinsi ya Kujifunza Tai Chi Mutoyi Bila Kusumbuliwa na Mwalimu

Kwanza kabisa, mkimbie mwalimu. Hapa Mutoyi, vilimani Bugendana mkoani Gitega, mbio zenyewe ni fupi, maana mwalimu wa tai chi hayupo. Chukua simu, tafuta video ya ile miondoko 24 ambayo wakuu wa michezo wa China waliipanga mwaka 1956 ili kila raia aweze kujifunza, kisha uiegemeze simu kwenye mgomba. Yule wa kwenye video ana sifa moja isiyo na mfano: hakuoni.

Akiinua mkono wa kulia, inua wa kushoto, si mmetazamana? Akikupa mgongo, amua mwenyewe. Akifika kwenye korongo mweupe anayekunjua mbawa, kunjua zako; watoto wanaotoka kuteka maji watadhani unafukuza ndege kwenye mtama. Waache wadhani hivyo. Bando likikata umesimama kwa mguu mmoja, furahi, kwani Yang Luchan hakuionja raha hiyo. Maskini huyo, karne ya 19, alikwenda hadi kijiji cha Chenjiagou akajifunza tai chi kwa Chen Changxing miaka na miaka. Hakuwa na simu.

Gishora usikanyage. Ni karibu mno na mji wa Gitega, na abatimbo, wapiga ngoma wa pale, watakuvurugia mpango. Ngoma zao hupangwa nusu duara, Inkiranya katikati ikiongoza. Amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, Ibishikizo huifuata Inkiranya. Ukipiga fimbo nje ya wakati, hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Kuna macho tu, na yote yamekugeukia. UNESCO iliiorodhesha ngoma hiyo mwaka 2014, na tai chi mwaka 2020. Usijiulize ni kitu gani kiliziweka katika daftari moja, usije ukaanza kutafuta mtu wa kukufundisha.

Lakini hatari yenyewe hasa ni bibi wa jirani. Kanuni ya tai chi inataka kichwa kikae kana kwamba kimening'inizwa kwa uzi kutoka juu, mabega yashuke, magoti yalegee. Video inalieleza hilo kwa dakika nne na muziki wa filimbi. Bibi anateremka njia yenye utelezi, bidoni ya lita 20 kichwani, mikono mitupu, anasalimia watu kushoto na kulia, na maji hayamwagiki.

Akikufikia atatua bidoni. Atakutazama kimya, muda mrefu kuliko unavyopenda, kisha ataweka kidole kimoja begani mwako.

"Mjukuu wangu, hapa umebeba nini?"

Mwambie ni mtindo wa Kichina, yeye hawezi kuuelewa. Bega litakuwa limeshashuka lenyewe. Subiri apite kona, ulipandishe tena.