Mzee Nusu Lita

Ukipanga kuteguka bega, tafuta kisa chenye heshima. Watu watakuuliza, na hawataridhika mpaka wasikie bodaboda, ngumi, au penalti iliyodakwa dakika ya mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya daladala ya Mbagala, nimeshika bomba la juu kwa mkono wa kulia, dereva akafunga breki kumkwepa mbuzi. Mwili ulikwenda mbele, mkono ukabaki na bomba. Ndiyo habari yote. Mbuzi alivuka salama, kwa wanaotaka kujua. Shangazi yangu hakukubali ukoo wetu uangushwe na mbuzi, na nilipokutana na ndugu msibani Temeke nikakuta nimeshagongwa na lori la mchanga.

Daktari alilirudisha bega mahali pake, akaufunga mkono kifuani kwa kitambaa. Hapo ndipo nilipojua mkono wa kulia unafanya kazi gani katika jamii. Kusalimia, kula, kupokea chenji, kumpa mtu mzima kitu: kote huko mkono wa kushoto hauna kibali. Konda nilimpa nauli kwa kushoto, nikaomba radhi, naye akaigeuza noti pande zote mbili kabla ya kuipokea. Nyumbani nikaanza kula ugali kwa kijiko. Mama mkwe alikuja kunijulia hali, akanitazama nikichimba ugali kwa kile kijiko, akasema kwa huruma ya kweli kwamba afadhali ningevunjika mguu.

Kitambaa kilipovuliwa nikakabidhiwa kwa dada wa fiziotherapia, mpole wa sauti na mkali wa masharti. “Baba,” akaniambia, “nyonga imekaa ndani ya kikombe kirefu. Bega ni chungwa juu ya kisosi.” Sehemu kubwa ya kichwa cha mfupa iko nje, ndiyo maana bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa mwilini, na ndiyo maana hung'oka kirahisi. Kinacholishikilia ni kano na misuli minne iliyojificha kulizunguka, yenye majina ya Kilatini marefu kuliko yenyewe. Ujanani nimekaa na wabeba vyuma wengi. Nimesikia sifa za kifua, za mikono, za mgongo, hata za shingo. Sijawahi kumsikia mtu akijisifia mmoja wa wale wanne.

Nikamuuliza kama litateguka tena. Akaangalia umri wangu kwenye faili, akatabasamu. Wanaorudia kuteguka sana ni vijana, hasa walio chini ya miaka 20. “Wewe umeshavuka 40, baba. Kwa umri wako tunahofia zaidi kano kuchanika.” Alilisema kwa sauti ya kunipongeza.

Zoezi la kwanza ni kuinama, mkono mzima ukishika meza na mgonjwa ukining'inia na kuyumba wenyewe. Linahusishwa na Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston, aliyetoa kitabu kizima kuhusu bega mwaka 1934. Sina ugomvi naye. Ila nadhani hakulipanga kwa ajili ya nyumba ya vyumba viwili yenye mtoto wa miaka mitatu, aliyeuona ule mkono ukiyumba na kuamua kwamba bembea imefika. Zoezi la pili ni kuvitembeza vidole ukutani kuelekea juu, kisha kuweka alama ya penseli pale vilipoishia. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amepaka ukuta ule chokaa mpya kabla ya Ramadhani, aliomba nipone kwenye ukuta wa chooni.

Nikahamia nje, kwenye ukuta wa uani, kupiga pushapu za kusimama. Viganja ukutani, miguu nyuma, kichwa chini. Mlinzi wa jirani akasogea na kuuliza kwa sauti ya chini nimekamatwa na nani.

Kilichobaki ni jimu. Dada wa viungo alikuwa ameruhusu miguu, tumbo na mkono wa kushoto, na kwa huu wa mwisho alikuwa na sababu. Mwaka 1894 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba ukiuzoeza mkono mmoja, mwenzake usioguswa nao huongezeka nguvu kiasi. Kwa maneno mengine, kushoto kwangu kulikuwa kunatoka jasho, na kulia kukipokea mshahara kitandani. Mwaka 2016 nchi hii iliwasaka wafanyakazi hewa kila ofisi. Huyu wangu angelindwa na hospitali.

Jimu yetu iko nyuma ya gereji, chini ya mwembe. Chuma chake kikuu ni bomba la maji lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande. Makopo hayalingani uzito, kwa sababu moja lilijazwa siku jirani alipokuwa anamwaga msingi, saruji ikiwa ya kumwaga, na la pili baadaye, kwa saruji ya kununua. Kocha huwashauri watu wageuke katikati ya seti ili mwili upate haki. Kuna kioo kimoja kilichopasuka, benchi moja, na spika inayopiga singeli kutoka asubuhi.

Benchi ni moja, na mimi ndiye niliyekuwa nimelilalia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nusu lita, basi, ni nusu kilo, na hicho ndicho chuma nilichoandikiwa. Unalala ubavu, kiwiko umekibana mbavuni juu ya kanga iliyokunjwa, unaiinua chupa polepole ukihesabu hadi tano, unaishusha ukihesabu hadi tano. Jaribu kuhesabu hivyo huku singeli ikikimbia midundo zaidi ya 200 kwa dakika. Mimi nilikuwa natoka moja nakwenda nne. Nilimwomba kocha aweke taarabu, na ni kheri niliomba, maana wimbo mmoja wa taarabu unamaliza mazoezi yote, mapumziko, na bado mwimbaji hajafika kwenye jina la mbaya wake. Vijana hawakufurahi.

“Shikamoo mzee. Umebakiza ngapi?”

“Marahaba. Nyingi.”

Walikuwa wamepanga foleni, vifua wazi, wamejipaka mafuta, wakisubiri mtu na chupa yake. Kiu nayo ni kitu kibaya: seti ya mwisho nilikuwa naimaliza na robo kilo. Jina la Mzee Nusu Lita lilinifika mimi mwenyewe baada ya mtaa mzima kulizoea.

Ushauri ulikuwa wa bure na mwingi kuliko maji. Mmoja alitaka nipige benchi kwa mshiko mpana, jambo ambalo dada wa viungo alikuwa amelitaja kwa jina kama njia ya haraka ya kurudi kwake. Mwingine alileta mafuta ambayo muuzaji aliapa ni ya mbuni. Yalinuka gia boksi. Niliyapaka, kwa heshima ya mletaji, na kwenye daladala siku ile nilipata kiti.

Halafu ikaja habari ya mpira. Nilitakiwa kununua mpira wa mazoezi, na bei niliyotajiwa dukani ilinifanya niende kwa fundi baiskeli. Akanikatia kipande cha tyubu, ile ile inayofungia magunia ya mkaa, akauliza nafunga nini. Nikamwambia bega. Akaongeza kipande cha pili bure.

Niliifunga kwenye mwembe na kuanza kuivuta kwa nje, kiwiko kikiwa mbavuni. Baunsa wa jimu, mtu ambaye shati lake hununuliwa kwa mita, alinitazama muda mrefu. Akaomba ajaribu. Nilitarajia, nisiseme uongo, kumwona akitetemeka na kukiri. Hakutetemeka. Aliivuta kwa mgongo, kiuno na mguu mmoja, mwembe ukadondosha majani, akasema zoezi ni jepesi. Kisha akaondoka nayo. Kesho yake niliiona imefunga friji kwenye bodaboda, na friji ilikuwa imetulia kabisa.

Fundi akanikatia nyingine. Sasa nimepandishwa cheo: chupa ya lita moja, na ruhusa ya kuinua mkono juu ya kichwa iwapo mzigo ni mwepesi. Ruhusa hiyo nilipewa mbele ya mama watoto, aliyekuwa amenisindikiza kliniki. Tangu hapo masufuria yote yamehamia rafu ya juu na kamba ya kuanikia imepandishwa. Juzi aliinua mkono, adabu tupu, na kumuuliza dada wa viungo kama kufua nako ni tiba.

“Sana, mama,” akajibu bila kuniangalia. “Hasa blanketi.”